Mbwa wa Sleji na Mtihani wa Januari

Iditarod, mbio za mbwa wanaokokota sleji, yaani kigari cha kuteleza juu ya theluji, za takriban kilomita 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome huko Alaska, hufanyika Machi, na ndizo zinazovuma duniani. Lakini anayetaka kujua mwendesha sleji ana kichwa cha namna gani asingoje Machi. Amwangalie Januari, msimu ukiwa bado mchanga, kwenye mbio za masafa ya kati kama Copper Basin 300 za eneo la Glennallen, au Kuskokwim 300 ambazo zimekuwa zikifanyika Bethel tangu 1980. Hiyo 300 ni hesabu ya maili, sawa na kilomita 480 hivi. Kundi la mbwa kumi na kitu huzimaliza kwa siku mbili au tatu, likikimbia na kupumzika usiku na mchana, na sheria hairuhusu kuingiza mbwa mpya katikati ya safari. Aliyechoka au kuumia huachwa kituoni chini ya uangalizi wa madaktari wa mifugo, na waliobaki husonga mbele.

Kwenye mstari wa kuanzia wanakutana watu wenye nia tofauti. Wapo waliofuata zawadi. Wapo wanaolijaribu kundi watakalolipeleka Nome. Wapo wageni ambao bila kumaliza mbio za aina hii hawatakubaliwa Iditarod. Na wapo waliokuja na mbwa wadogo wa mwaka mmoja na nusu au miwili, kuwaonyesha tu mambo yalivyo. Mbwa hawajui nani kaja kwa lipi. Swali la maandalizi linaanzia hapo hapo: unamwandaa mbwa kwa ajili ya nini? Msimamo wangu ni kwamba mbio za Januari zipimwe kwa hali ya mbwa mwezi Februari, na kwamba mwendeshaji anayetumia miezi ya maandalizi kutafuta kasi anatafuta kitu ambacho mbwa wake wanacho tayari.

Haski wa Alaska hana shida ya kasi. Si mbwa wa nasaba iliyosajiliwa. Ni mchanganyiko uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kuangalia kazi, mwenye uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, miguu mirefu na hamu ya kukimbia isiyohitaji kuchochewa. Shida iko ndani ya misuli. Watafiti, akiwamo Michael Davis wa Chuo Kikuu cha Oklahoma State, wamewapima mbwa hawa kwa miaka mingi na kukuta jambo la ajabu. Siku ya kwanza ya kazi ndefu, mbwa huila sana akiba ya sukari iliyo ndani ya misuli, ile inayoitwa glaikojeni, na damu yake huonyesha dalili za misuli kuumia. Akiendelea na kazi ile ile siku zinazofuata, mwili hubadili mtindo wake wa kujiendesha: akiba hurudi huku mbwa bado anakimbia, na dalili za kuumia hupungua.

Soma jambo hilo pamoja na ramani ya mbio. Iditarod ina siku za kutosha mwili kugeuka. Mbio za kilomita 480 zinaisha wakati mageuzi hayo ndiyo kwanza yanashika. Ni ndefu kiasi cha kuumiza, na ni fupi mno kwa mbwa kufika kwenye nafuu iliyo upande wa pili. Kwa hiyo ile dhana ya kwamba Januari ni zoezi jepesi kabla ya kazi yenyewe ina kasoro kubwa. Kwa siku hizo mbili au tatu mbwa yuko mahali pagumu kuliko pote katika msimu wake, na anafika hapo akiwa na miezi michache tu ya mazoezi mwilini.

Miezi hiyo huanza kuhesabiwa Agosti au Septemba. Theluji hakuna, kwa hiyo mbwa hufungwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne ambayo injini yake hutumika zaidi kuzuia kuliko kusukuma. Mwendo ni wa pole, mzigo ni mzito, na umbali ni wa kilomita tano, nane, kumi. Wengi hufanya kazi hiyo alfajiri au usiku, maana mbwa hana jasho la kumpoza mwilini; hujipoza kwa kuhema, na joto la nyuzi 10 tu, ambalo kwetu ni baridi ya kuvaa sweta mbili, linaweza kumlemea mbwa anayekokota. Gari la magurudumu si kitu cha kudharau hata kidogo. Newton Marshall wa Jamaika aliingia katika mchezo huu kwa kuendesha mbwa waliokokota kigari kwenye ardhi ya kwao, kisha akaenda kujifunza theluji kwa wakongwe Hans Gatt na Lance Mackey, akamaliza mbio ndefu za Yukon Quest mwaka 2009 na Iditarod mwaka 2010.

Upole huo wa vuli una sababu moja kubwa. Moyo na misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano, viungo na mifupa huhitaji miezi. Kufikia Oktoba kundi linakuwa na pumzi ya kukimbia mbali kuliko kifundo cha mguu na bega vinavyoweza kuvumilia, na hapo ndipo majeraha mengi ya msimu hupandwa, ingawa huonekana Januari. Mwendeshaji anaona mbwa wanarudi nyumbani wakiruka, wanataka zaidi, naye anashawishika kuwapa zaidi. Anayejua kazi yake hawapi. Huongeza umbali kidogo kidogo, huingiza wiki nyepesi baada ya wiki nzito, na huandika kila safari ya kila mbwa, kwa sababu katika kundi la mbwa 20 wanaofanya mazoezi, wawili watatu watakuwa wamekosa siku kadhaa kwa kuchechemea au kupandwa na joto, na ikifika Desemba kumbukumbu ya kichwani haitoshi kujua nani amekamilisha kazi na nani anaonekana tu kuwa amekamilisha. Wapo wanaofika mwanzo wa Januari kundi lao likiwa limepita kilomita 1,500 za mazoezi. Tarakimu hiyo peke yake haisemi mengi. Kilomita 1,000 zilizopangwa vizuri zinamfaa mbwa kuliko 1,500 zilizorundikwa Novemba na Desemba kufidia vuli iliyopotea.

Na vuli zinapotea kweli. Theluji inachelewa, mito inachelewa kuganda, na hata Iditarod yenyewe imelazimika kuhamishia mwanzo wake Fairbanks, kaskazini zaidi, mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025 kwa sababu njia ya kawaida haikufaa. Ikiwa Machi hali ni hiyo, mwenye mbwa anayetaka theluji Oktoba ana kazi. Wengi hupakia mbwa kwenye masanduku ya lori na kwenda Denali Highway, barabara ya takriban kilomita 215 kati ya Paxson na Cantwell ambayo haisafishwi theluji wakati wa baridi, na iko juu kiasi cha kupata theluji mapema. Lakini mafuta ya lori ni pesa, kulala huko ni pesa, na chakula cha mbwa 30 hakingoji. Mwaka 2023 walioanza Iditarod walikuwa 33 tu, idadi ndogo kuliko zote hadi wakati huo. Gharama hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwamo. Kuchelewa kwa theluji kunampiga zaidi mwenye banda dogo, ambaye atabaki na pikipiki yake kwenye matope yaliyoganda mpaka Desemba, kisha asimame mstari mmoja na mwenzake aliyepata wiki nane za theluji.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nyuma ya pikipiki mbwa hujenga nguvu, ila hawajifunzi sleji inavyoyumba, inavyowafuata kwa kasi mteremkoni, inavyokwama ghafla kwenye kichaka. Wawili wa nyuma kabisa, walio karibu na sleji, ndio wanaoyala mateke hayo yote, na mbwa aliyefundishwa kwa magurudumu tu hupata mitikisiko ya mabega ambayo hajawahi kuijua. Ushauri wangu kwa aliyekosa theluji ni mmoja: asiende. Kama ni lazima aende, aende na ratiba ya mbwa wachanga, akipumzika zaidi ya sheria inavyodai.

Kupumzika nako hufundishwa, na mimi nakuhesabu kuwa ndiyo nusu iliyosahaulika ya maandalizi. Mbwa aliyezoea kurudi kwenye kibanda chake kila jioni hajui kulala kituoni penye taa, sauti za watu na makundi mengine yanayoingia na kutoka. Atasimama saa nne nzima akitazama, na saa hizo hazirudi. Kwa hiyo kuanzia Novemba mwendeshaji makini hupanga safari za kulala porini: kukimbia kilomita 60 au 80, kusimama saa tano au sita, kisha kukimbia tena umbali ule ule kurudi. Akisimama, hutandika majani makavu chini ya kila mbwa kabla ya jambo lingine lolote. Baada ya safari chache, harufu ya majani hayo peke yake humfanya mbwa azunguke mara mbili, ajikunje na kufumba macho. Safari hizi za mfululizo ndizo pia zinazoonjesha mwili ile siku ya pili niliyoitaja, ili Januari isiwe mara ya kwanza.

Chakula nacho kinataka utaratibu wa mapema. Mwaka 1997 timu ya Kenneth Hinchcliff ilichapisha vipimo vya mbwa waliokimbia mbio za kilomita 490 katika baridi ya kati ya nyuzi 10 na 35 chini ya sifuri, ikakuta kila mbwa alitumia zaidi ya kilokalori 11,000 kwa siku, mara nne au tano ya zile anazotumia mtu mzima wa kawaida, katika mwili usiofika nusu ya uzito wake. Nguvu hiyo haitoki kwenye wanga. Inatoka kwenye mafuta, na utumbo unahitaji wiki nyingi kuzoea mafuta mengi; anayeanza kuyamimina wiki ya mbio atavuna kuhara. Protini isipunguzwe, kwani majaribio ya kulisha yameonyesha kuwa mbwa wa kazi waliopewa kidogo mno waliumia misuli zaidi. Na kwa kuwa Januari huko Glennallen nyuzi 40 chini ya sifuri si habari, mbwa wafike wakiwa wamenenepa kidogo kuliko watakavyokuwa Machi. Jaji anayependa kuona mbavu atanung'unika. Mbwa hatanung'unika.

Maji ndiyo mtego. Kwenye baridi kali mbwa hana hamu ya maji matupu, na asipokunywa, hakuna chakula kitakachomfaa. Mwendeshaji huwasha jiko la spiriti, hujaza theluji kwenye sufuria kubwa, huingojea iyeyuke, kisha hutumbukiza vipande vya nyama iliyoganda, samaki au mafuta ya kuku hadi maji yawe mchuzi wenye harufu. Mbwa hunywa akifukuzia kile kipande cha chini. Wapo wanaowapa mchuzi huo kila siku saa mbili kabla ya safari, tangu Septemba, ili tendo la kunywa liwe mazoea kama kuvaa mkanda wa kukokotea. Mbwa mmoja mkaidi wa kunywa akigunduliwa Oktoba, kuna muda wa kumtafutia ladha yake: huyu anataka samaki, yule anataka ini. Akigunduliwa kituo cha kwanza cha mbio, imekuwa hasara.

Kuhusu nyayo, maelezo ni mafupi. Theluji ya baridi kali ni kavu na hukwaruza kama mchanga, kwa hiyo kila mguu huvalishwa soksi ya kitambaa kigumu, na kundi la mbwa 12 linahitaji soksi 48 kila linapotoka. Zikibanwa sana huzuia damu, zikilegea huingiza theluji. Asiyeweza kumvalisha mbwa kwa vidole vilivyokufa ganzi arudi nyumbani akajifunze.

Kichwa cha mbwa kinahitaji maneno zaidi. Mbwa wawili wa mbele ndio wanaosikia amri, wanaotafuta njia iliyofunikwa, wanaoamua kukanyaga au kutokanyaga maji yaliyopanda juu ya barafu. Wakikataa, kundi zima limekataa. Kosa la mwanzo wa msimu ni kumtegemea kiongozi mmoja hodari kwa kila jambo, mpaka Januari afike amechoshwa na wajibu wenyewe, miguu ikiwa mizima. Susan Butcher, aliyeshinda Iditarod mara nne kati ya 1986 na 1990, alijulikana kwa kuwalea watoto wa mbwa kwa mikono yake tangu wanazaliwa, na faida yake ilionekana kwenye dhoruba, mbwa walipolazimika kuamini sauti ya mtu nyuma yao. Uaminifu huo hujengwa kwa ahadi ndogo zinazotimizwa: safari huisha mbwa akiwa bado ana hamu, mlo huja unapotarajiwa, na hakuna siku anayofikishwa mahali pa kujua kuwa hawezi. Mbwa wa miaka miwili aliyevunjwa moyo kwenye mbio zake za kwanza anaweza kupona mwili wiki ileile na asirudi tena kuwa mkokotaji.

Kuna pia mambo ambayo hayawezi kufundishwa nyumbani peke yake. Kupishana na kundi jingine kwenye njia nyembamba ni moja. Wenye busara huitana na majirani Novemba na Desemba wapishane mara kadhaa kwa makusudi. Jingine ni magonjwa. Mbio za kwanza za msimu ndipo mbwa wa mabanda mengi hukutana baada ya miezi ya kutengwa, na mbwa wadogo hawajawahi kukutana na vijidudu vya wengine. Kikohozi na kuhara huenea kwa kasi. Chanjo zitolewe mapema, vyombo visichangiwe, na anayekohoa Alhamisi asipakiwe lorini Ijumaa, hata kama ndiye kiongozi.

Halafu inafika saa yenyewe. Mbwa wanapiga kelele, wanaruka angani ndani ya mikanda, sleji imefungwa kwenye lori isiondoke kabla ya wakati. Wamelishwa vizuri, wamepumzishwa siku kadhaa, wana nguvu kuliko wakati wowote tangu vuli. Hapo ndipo hatari ilipo. Kilomita 30 za kwanza zikikimbiwa kwa wazimu huo, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga protini yake kwenye damu; mbwa hukakamaa, mkojo hugeuka hudhurungi na figo hulemewa. Madaktari wa mbio wanaujua ugonjwa huo na wanajua huwapenda zaidi mbwa wabichi wa siku ya kwanza. Dawa yake ni mguu wa mwendeshaji juu ya breki, kilima baada ya kilima, huku wenzake wakimpita. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kule ukingo ni kituo cha pili au cha tatu, ambapo makundi yaliyoongoza asubuhi hukutwa yamelala na hayataki kuamka.

Kituoni, baada ya majani na mchuzi, mwendeshaji hupiga magoti mbele ya kila mbwa. Hushika kifundo cha mguu wa mbele na kukikunja mpaka mwisho, akitazama uso wa mbwa badala ya mguu: sikio likirudi nyuma au ulimi ukilamba ghafla, pana maumivu. Huvuta mguu mbele kupima bega, kisha nyuma. Huvuta ngozi ya shingoni na kuangalia inarudi upesi kiasi gani, hufunua mdomo aone ufizi una rangi na unyevu. Hutenganisha vidole atafute mpasuko. Zoezi hilo kwa mbwa 12 linaweza kumla saa nzima ya usingizi wake, na ndilo linaloamua nani anaendelea. Mbwa anayekula akiwa amelala na kukataa kusimama ni tofauti na mbwa aliyesimama na kukataa kula, na wa pili ndiye anayetia wasiwasi zaidi.

Wapinzani wa michezo hii husema yote haya ni mapambo juu ya ukatili. Siwezi kuwapuuza. Mwaka 2024 mbwa watatu walikufa katika Iditarod, licha ya vipimo vya damu na vya moyo ambavyo kila mbwa hufanyiwa kabla ya kuanza. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha pia kuwa vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa mbwa wanaomaliza mbio ndefu, jambo lililofanya dawa za kupunguza asidi kuwa sehemu ya matunzo yao. Nionavyo mimi, hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi pale maandalizi yanapokuwa duni, na Januari ndiyo inayoficha uduni huo, kwa sababu kundi lililoandaliwa nusu linaweza kumaliza kilomita 480 kwa moyo wa mbwa peke yake, na mwenye kundi akapewa cheti sawa na mwenzake.

Cheti hicho ndicho kinachonisumbua. Iditarod imekuwa ikidai mgeni awe amemaliza mbio mbili za maili 300 na kufikisha jumla ya maili 750, yaani kilomita 1,200 hivi. Anaweza kuzitawanya kwa misimu zaidi ya mmoja, lakini mtu aliyeacha kazi na kutumia akiba yake yote hujaribu kuzikamilisha ndani ya wiki chache za Januari na Februari, akitumia mbwa wale wale, kisha kuingia nao Machi. Ningependa waandaaji wadai mwanya wa msimu mzima kati ya mbio ya kwanza ya kufuzu na Iditarod yenyewe, na wahesabu pia hali ya mbwa mwishoni mwa kila mbio. Iditarod tayari humtaka kila mwendeshaji abebe daftari la daktari wa mifugo ambalo husainiwa kituo hadi kituo. Mbio za kufuzu zikitumia daftari kama hilo, likionyesha waliobaki kituoni, sababu zao na hali ya waliofika, litawaambia waamuzi kuhusu maandalizi ya mgeni mambo ambayo saa ya kumaliza haiwezi kuwaambia.